Maisha ya John Gough, Mjalidi wa Vitabu

Mwezi huu twawaletea wasomaji habari za mtu ambaye hakushinda jeshi wala hakutawala nchi. Vita vyake vyote vilikuwa juu ya bilauri moja ya kileo, naye alishindwa mara nyingi kabla ya kushinda. Jina lake ni John Bartholomew Gough. Katika karne ya 19 jina hilo lilijulikana sana Marekani na Uingereza, mijini na mashambani.

Sababu ya kumchagua ni hii. Katika sharika zetu huulizwa mara kwa mara swali moja lililo gumu: Mtu anywaye pombe hujulikanaje kwamba amepita mpaka, hata kunywa kwake si desturi ya wageni na sherehe tena, bali ni ugonjwa na utumwa? Wengi hujibu upesi kwamba mlevi ni yule alalaye njiani. Lakini maisha ya Gough yatufundisha kwamba yule alalaye njiani alikwisha kupotea muda mrefu kabla ya kulala pale. Alipotea mbele ya macho ya watu, wala wao hawakutambua, wala yeye mwenyewe hakutambua.

Utoto wake

John Gough alizaliwa tarehe 22 Agosti, mwaka 1817, katika kijiji cha Sandgate, pwani ya Kent, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa askari wa zamani aliyepigana na majeshi ya Napoleon, naye aliishi kwa pensheni ndogo. Mama yake aliwafundisha watoto wa kijiji kusoma. Walikuwa maskini, lakini mtoto wao alifunzwa sala na Maandiko tangu udogo, tena alisoma kwa sauti nzuri hata wageni wakapenda kumsikiliza. William Wilberforce, yule mzee aliyeshindana miaka mingi katika bunge la Uingereza ili biashara ya watumwa ikomeshwe, alipokuja pwani ile alimsikia mtoto huyu akisoma, akampa zawadi ya kitabu. Siku ile hapana mtu ambaye angaliweza kubashiri kwamba mtoto huyo naye atakuja kufungwa katika utumwa wa namna nyingine.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walimkabidhi kwa jamaa moja waliokuwa wakihamia Marekani, wakalipa fedha ili afundishwe kazi ya mikono. Hayo yalikuwa mwaka 1829. Akakaa miaka miwili shambani katika jimbo la New York, wala hakufundishwa kazi aliyoahidiwa. Ndipo akaenda mji wa New York peke yake, bila ndugu wala mwenyeji, akapata kazi katika nyumba ya vitabu ya Wamethodisti. Huko akajifunza kujalidi vitabu, yaani kushona kurasa, kutia jalada na kupamba kwa dhahabu. Akahudhuria ibada, na watu wa kanisa wakamtumaini.

Mwaka 1833 mama yake na dada yake wakavuka bahari wakamfuata. Furaha yao haikudumu. Kazi ikapungua mjini, na wakati wa baridi kali hawakuwa na kuni wala chakula cha kutosha. Mwezi wa Julai mwaka 1834 mama akafa ghafla. Hawakuwa na fedha za mazishi. Akazikwa katika makaburi ya maskini, na watoto wake wawili wakarudi katika chumba kitupu. John alikuwa hajatimiza miaka 17.

Kunywa kwa furaha

Baada ya msiba huo kijana huyu aliacha polepole ushirika wa kanisa, akatafuta faraja kwa vijana wenzake. Alikuwa na kipawa kikubwa: aliimba, aliigiza sauti za watu, alisimulia visa hata wasikilizaji wakacheka mpaka machozi. Kwa hiyo kila baraza la wanywaji lilimtaka. Walimpa bilauri ili aimbe, naye aliimba ili apewe bilauri. Akaingia pia katika nyumba za michezo ya kuigiza, akapata kazi ya kuchekesha watu.

Wasomaji na wapime jambo hili, maana ndipo wengi wanapokosea. Wakati ule hakuna aliyemwona Gough kuwa mlevi. Asubuhi alikwenda kazini. Mikono yake ilijua kazi. Alikuwa mchangamfu kuliko wenzake, mkarimu wa fedha zake, mpole kwa watoto. Watu wakasema kwamba kijana huyu ajua kunywa. Sifa hiyo yasikika hata kwetu: ya kwamba fulani ana kichwa kigumu, hunywa kibuyu kizima wala halegei. Madaktari wa leo hawaihesabu kuwa sifa, bali ni alama. Mwili ukizoea kileo, wataka kipimo kikubwa zaidi ili upate raha ile ile ya zamani. Mtu aliyeridhika na kikombe kimoja mwaka juzi, na mwaka huu hatosheki na vinne, hajawa hodari; amekwisha kwenda mbali katika njia.

Badiliko la pili lilikuja kimya kimya. Hapo kwanza Gough alikunywa ili apate furaha. Baadaye alikunywa ili aondoe maumivu, yaani uzito wa asubuhi, huzuni na kutetemeka. Kinywaji kilichokuwa cha karamu kikawa dawa ya ubaya ambao chenyewe kimeuleta. Mtu akifikia hapo haulizi tena kama anapenda kunywa. Auliza atapata wapi.

Kuhama kutoka mji mpaka mji

Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhama. Alifukuzwa kazi huku, akaacha kazi kule. Kutoka New York alikwenda Bristol na Providence katika jimbo la Rhode Island, kisha Boston, kisha Newburyport, na mwisho Worcester katika jimbo la Massachusetts. Mtu aliye katika hali hii hudhani kwamba ubaya wote uko kwa tajiri wake, au katika mji, au kwa marafiki, basi ahama. Kumbe ugonjwa amejitwika mwenyewe, nao wafika pamoja naye.

Akaoa mke, wakawa na nyumba yao. Akafungua kazi yake mwenyewe ya kujalidi vitabu huko Newburyport, akapata vyombo, na watu wakamletea kazi. Mahali hapo angaliweza kusimama, kwa kuwa hakuwa na tajiri wa kumsumbua wala ugeni wa kumhuzunisha. Lakini fedha za kazi zikaenda kwenye chupa, vyombo vikauzwa, na duka likafungwa. Hayo pia na yatiwe moyoni. Mara nyingi watu wa nyumbani hungoja, wakisema kwamba mambo yakitengenea ataacha: akipata kazi, akioa, akijenga. Gough alipata hayo yote, wala hayakumfungua.

Mara nyingi aliweka nia ya kuacha. Nia yake haikuwa ya uongo. Alilia kweli, akajilaumu kweli, akaahidi kweli. Na jioni akanywa. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Alama iliyo kubwa kuliko zote si wingi wa pombe, wala aina yake, wala mahali inaponywewa. Alama ni kwamba neno la mtu juu ya pombe halina nguvu tena. Aliyesema atakunywa viwili akanywa vinane, aliyesema ataacha mwezi mzima akaacha siku tatu, na hayo yakarudi tena na tena, huyo hajitawali. Awe amevaa vizuri au vibaya, awe mzee wa kanisa au mkulima, mambo ni yale yale.

Mkewe akaugua, naye na mtoto wao mchanga wakafariki karibu wakati mmoja. Hata katika msiba ule chupa haikuwa mbali na mume. Baada ya hayo Gough alikaa kama mtu asiye na mwenyewe. Alifanya kazi kidogo ili apate kunywa, akavaa matambara, na wale waliomcheka zamani kwa furaha sasa wakamcheka kwa dharau. Usiku mmoja alikwenda penye njia ya reli akiwa na nia ya kujitoa uhai, lakini Mungu akamzuia, akarudi. Alikuwa na miaka 25.

Mkono begani

Jumapili moja jioni, mwezi wa Oktoba mwaka 1842, Gough alikuwa akitembea ovyo katika barabara ya Worcester. Mtu mmoja akamgusa begani kwa upole. Mtu huyo hakuwa mchungaji, wala daktari, wala tajiri. Alikuwa mtumishi wa mezani katika hoteli isiyouza vileo, jina lake Joel Stratton. Hawakujuana. Stratton hakumkemea wala kumhubiria; alisema naye kama mtu asemavyo na mwenzake. Alimweleza kwamba anajua amekuwa akinywa, tena kwamba aweza kuwa mtu mzima kama alivyokuwa zamani, na kama akipenda, kesho jioni kuna mkutano ambapo watu hutia sahihi ahadi ya kuacha vileo, naye mwenyewe atakwenda pamoja naye.

Siku zile mikutano ya namna hiyo ilikuwa mingi. Miaka miwili kabla, mwezi wa Aprili 1840, wanywaji sita wa mji wa Baltimore walikuwa wameungana na kuahidiana kuacha kabisa, na chama chao kikaenea upesi katika miji mingi. Jambo jipya katika chama hicho lilikuwa kwamba walevi waliopona ndio waliowaendea walevi waliobaki. Katika miaka ya nyuma watu wengi walimhesabu mlevi kuwa mtu asiyefaa kusumbukiwa, ingawa daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alikuwa ameandika tangu mwaka 1784 kwamba ulevi ni ugonjwa pia, na kwamba aliyepatwa nao hana budi kuacha vileo vikali kabisa.

Gough akaenda kesho yake jioni. Alikuwa amefunga vifungo vya koti lake kuukuu mpaka shingoni ili matambara yaliyo ndani yasionekane. Akasimama akatoa habari zake kwa maneno machache, akatia sahihi, ingawa mkono ulitetemeka.

Mateso ya siku zile

Wengine hudhani kwamba mtu akisha kuahidi, vita vimekwisha. Kwa Gough ndipo vilipoanza. Alirudi kazini akishika ahadi yake, na mwili wake uliozoea kileo ukamgeukia. Alishika kipande cha chuma cha kukazia mtambo wa kubania vitabu, akakiona kikijipinda mkononi mwake mpaka kikawa nyoka. Akakitupa. Usiku aliona nyuso za kutisha ukutani na gizani. Akatetemeka, hakulala, wala chakula hakikupita. Mateso hayo yalidumu muda wa siku sita.

Hayo hayakuwa mapepo, wala uchawi, wala ishara kwamba ahadi yake ilikuwa mbaya. Ni ugonjwa ujulikanao. Daktari Mwingereza Thomas Sutton aliueleza na kuupa jina mwaka 1813. Humpata mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akaacha ghafula. Siku za kwanza hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio. Wengine hupatwa na kifafa. Wengine huona na kusikia mambo yasiyokuwapo. Zamani wengi walikufa kwa ugonjwa huo. Siku hizi hospitali zina dawa za kuutuliza, na mgonjwa akifikishwa mapema huponea. Kwa hiyo mwalimu wa usharika au jamaa amwonaye mtu akitetemeka asubuhi kabla ya kunywa, na kutulia akisha kunywa, asimfungie chumbani ili aache kwa nguvu, wala asitosheke kumwombea tu. Na ampeleke kwa daktari, tena amwombee.

Gough alipona bila daktari, lakini hakupona peke yake. Katika siku zile tajiri wake alionyesha mashaka kama ahadi hiyo itadumu, na neno lile lilimvunja moyo kiasi cha kumrudisha kwenye chupa. Ndipo akaja mwanasheria mmoja wa Worcester, Jesse Goodrich, akamsalimu kwa heshima, akamwambia kwamba amefurahi kusikia habari zake, na kwamba mlango wake uko wazi. Gough alisimulia maisha yake yote jinsi mtu huyo alivyomtia nguvu. Watu wawili waliona jambo moja: mmoja alitia mashaka, mwingine akatia heshima.

Kuanguka tena

Twasimulia sasa jambo ambalo baadhi ya rafiki za Gough wangalipenda lisahauliwe. Alianguka. Katika majira ya masika ya mwaka 1843, miezi michache tu baada ya kutia sahihi, alikutana Boston na wenzake wa zamani, wakamkaribisha bilauri, akaipokea. Bilauri moja ikaleta nyingine. Aliporudi alikwenda mwenyewe kwa watu wa chama, akaungama mbele yao, akatia sahihi mara ya pili. Walimpokea.

Mwaka huo huo alioa mke wa pili, Mary Whitcomb, ambaye alikuwa msaidizi wake mwaminifu mpaka mwisho. Akaanza kuzunguka akisimulia habari zake, mara nyingi kwa miguu, mkoba mkononi. Katika mwaka wa kwanza alinena katika mikutano 383. Kipawa kile kile kilichompeleka katika nyumba za ulevi sasa kilimfikisha kwenye makanisa. Aliwachekesha watu, kisha akawaliza, na wengi wakaja mbele kutia sahihi.

Ndipo mwezi wa Septemba mwaka 1845 akapotea katika mji wa New York muda wa siku saba, akapatikana katika nyumba moja, naye alikuwa amelewa. Yeye alieleza kwamba mtu mmoja alimkaribisha kinywaji kisicho kileo, kumbe kimetiwa kitu. Na baada ya hapo akajitafutia kileo. Adui zake walicheka, magazeti yakaandika. Usharika wake wa Boston haukuficha jambo hilo, wala haukumtupa. Ulichunguza, ukasikiliza, ukamwacha abaki katika ushirika. Naye akaendelea na kazi yake kwa unyenyekevu zaidi, akijua kwamba mtu wa namna yake hana bilauri ndogo. Tangu siku ile mpaka kufa kwake, miaka 40 na zaidi, alishika ahadi.

Sisi tulio nje hupenda kusema juu ya mtu aliyeanguka tena kwamba tangu mwanzo alikuwa mnafiki. Madaktari wajua kwamba kuanguka tena ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, kama homa irudivyo. Na wengi waliosimama mwisho walianguka kwanza mara moja, mbili, au zaidi. Kuanguka si jambo la kusifiwa, lakini si mwisho wa habari.

Kazi yake na kufa kwake

Mwezi wa Agosti mwaka 1853 Gough alisimama katika Exeter Hall, nyumba kubwa ya mikutano huko London, mbele ya watu wengi mno. Alikuwa amerudi katika nchi aliyotoka akiwa mtoto maskini. Alikusudia kukaa muda mfupi, akakaa miaka miwili. Akarudi tena mwaka 1857 akakaa miaka mitatu, na tena mwaka 1878. Huko Massachusetts alinunua shamba, akajenga nyumba katika Boylston, karibu na Worcester, mji ule aliozunguka zamani kwa matambara. Hesabu ya mikutano yake yote yapita 9,000.

Joel Stratton hakupata sifa kama hizo. Aliendelea na maisha yake ya kawaida, akafa mwaka 1860. Gough hakuchoka kumtaja, akasema kwamba lau mtu huyo asingalinyosha mkono, hayo mengine yote yasingalikuwapo.

Tarehe 15 Februari mwaka 1886, alipokuwa akinena katika kanisa moja huko Frankford, mtaa wa Philadelphia, Gough alipatwa na kiharusi mbele ya wasikilizaji wake. Akafa siku tatu baadaye, umri wake miaka 68. Akazikwa Worcester.

Mambo ya kutia moyoni

Basi, ndugu wasomaji, tulirudie swali letu. Mwaka 1984 daktari John Ewing wa Marekani alitangaza maswali manne mafupi ambayo madaktari wa nchi nyingi huyatumia hata leo. La kwanza: Je, umepata kuona kwamba yakupasa kupunguza kunywa? La pili: Je, watu wamekuudhi kwa kukulaumu juu ya kunywa kwako? La tatu: Je, umepata kujiona vibaya au kuwa na hatia kwa sababu ya kunywa? La nne: Je, umepata kunywa asubuhi mara uamkapo, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana? Anayejibu ndiyo katika maswali mawili au zaidi asijidanganye. Na aende kwa daktari apimwe vizuri zaidi. Gough, alipokuwa angali akichekesha watu na kupewa mshahara wake, angaliweza kuulizwa maswali hayo. Hakuna aliyemwuliza mpaka alipovaa matambara.

Wala mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali na vinywaji vya kigeni. Mbege, ulanzi, tembo la mnazi na pombe ya mtama vina kileo kama bia ya dukani. Na gongo ina ukali usiojulikana, kwa maana hakuna aipimaye. Desturi ya kumpa mgeni kibuyu ni ya ukarimu, na wako wengi wanywao siku ya arusi na kesho yake wakashika jembe bila kukumbuka kibuyu. Habari hii haiwalaumu. Yawahusu wale ambao kibuyu chawakumbuka wao, hata siku isiyo na arusi.

Kwa watu wa nyumbani twasema: Msifiche. Mke amwombeaye mumewe ruhusa kazini kwa kusingizia homa, na mama alipaye deni la kilabuni kwa siri, hufanya hivyo kwa upendo. Lakini hufunika jeraha lisilosafishwa. Na tusiwasahau wanawake wanywao. Wao hujificha zaidi kwa aibu, kwa hiyo hupata msaada wakiwa wamechelewa.

Kwa walimu na wazee wa kanisa twasema hivi: Mchague saa ambayo mtu hakulewa, mahali pasipo watu. Mwambieni mliyoyaona kwa macho, si mliyoyasikia. Msimtukane, wala msimwahidie kwamba kesho atakuwa mzima. Mwulizeni kama atakubali kwenda hospitali, na akikubali, mwende pamoja naye siku ile ile. Kesho huenda nia imepoa. Akikataa, rudini tena. Akianguka, rudini tena. Na akisha kusimama, mpeni kazi katika usharika, maana mtu asiye na kazi wala ushirika hukumbuka haraka wale waliompenda zamani kwa nyimbo zake.

Na wewe uliyesoma habari hizi huku ukijihesabia maswali yale manne kwa vidole, usingoje matambara. Mwendee mtu unayemwamini leo, ukamwambie. Gough alingoja kwa muda wa miaka saba mpaka mgeni akamgusa begani barabarani. Wewe waweza kwenda mwenyewe.